Njia Tupu Ina Mwenyewe: Ushauri kwa Waendao Dar es Salaam Kutoka Masasi na Newala

Msafiri atokaye Newala au Masasi kwenda Dar es Salaam, akiisha kupita Ndanda na Mtama, akashika njia kuu pale Mnazi Mmoja, akavuka mto Rufiji juu ya daraja lililopewa jina la Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, na kuziacha nyuma Kibiti na Mkuranga, huingia jijini kwa mlango wa Mbagala. Na hapo, kabla hajanyoosha miguu iliyokufa ganzi wala kuuliza bei ya soda, hukabiliwa na barabara isiyofanana na yoyote aliyoizoea kwao. Barabara ya Kilwa imegawanywa kwa urefu wake: pembeni kabisa pamewekwa mahali pa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, kisha njia za magari ya kila namna, na katikati, ndani ya kingo za zege, zimelazwa njia mbili pana na safi ambazo aghalabu huonekana tupu. Kushoto na kulia foleni imeganda, makonda wa daladala wanaita abiria kwa sauti zilizokauka, bodaboda wanapenya baina ya vioo vya magari. Lakini katikati ni kimya. Basi humjia mgeni fikira moja, nayo huwajia hata wenyeji wengi, kwamba nafasi hii imekaa bure ilhali watu wanateseka kando yake.

Fikira hiyo ndiyo mama wa makosa yote ninayokusudia kuyaeleza hapa. Mtu aweza kukariri alama zote za barabarani, akaijua rangi ya kila kibao na maana ya kila mstari, lakini maadamu moyoni mwake anaamini kwamba njia ile ni mali isiyo na mwenyewe, siku ya haraka ataingia tu. Kwa hiyo sitaanza na vibao. Nitaanza na utupu wenyewe.

Kwetu kusini barabara ni ya wote, na sisemi hivyo kwa kudharau. Pale mjini Masasi, mahali zinapokutana njia ziendazo Newala, Nachingwea, Tunduru na pwani, hupita kwa wakati mmoja lori lililosheheni korosho, mzee aliyefunga gunia juu ya baiskeli akielekea kwenye chama cha msingi, wanafunzi wanaotoka shuleni, mbuzi wawili wasio na mchungaji, na kijana mwenye pikipiki mpya iliyonunuliwa kwa fedha za msimu. Watu hawa hupishana, tena hupishana vizuri kuliko mgeni anavyotazamia, kwa sababu wanajuana. Lori hupewa njia kwa ukubwa wake, mzee hupewa kwa umri wake, na kijana anayempita mzee kwa kasi hadi kumtia vumbi hujua kwamba jioni habari itafika kwa mjomba wake kabla yeye mwenyewe hajafika. Sheria ipo, nayo ni ile ile Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayotawala Tanzania Bara yote, lakini kazi kubwa ya kuwaongoza watu hufanywa na adabu na kufahamiana. Jijini watu hawajuani. Hakuna wa kupeleka habari kwa mjomba. Na kwa sababu hiyo, lile ambalo kwetu huandikwa katika nyuso za watu, kule limelazimika kuandikwa chini, kwa rangi na kwa zege.

Sasa tuutazame utupu kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba mtu aweza kuifanya akiwa amekaa kwenye foleni. Tuseme basi moja la mwendokasi, yaani la usafiri wa haraka uliotengewa njia zile za katikati, lina abiria 100, na yale marefu yaliyounganishwa katikati hubeba zaidi ya hao. Tuseme tena basi hupita kila baada ya dakika mbili. Kwa saa moja yamepita mabasi 30, nao watu waliopita ni 3,000. Njoo kwenye njia ya kawaida iliyo kando yake: hata tukikadiria kwa ukarimu kwamba baina ya taa na taa hupitisha magari 800 kwa saa, na kila gari lina watu wawili, jambo ambalo ni nadra, jumla ni watu 1,600. Njia iliyoonekana imejaa imepitisha zaidi kidogo tu ya nusu ya watu waliopitishwa na njia iliyoonekana tupu. Katika kila sekunde 120, basi huwa mbele ya macho yako kwa sekunde chache, na zinazobaki zote ni utupu. Wala utupu huo si upungufu wa kazi, bali ndio nafasi inayomwezesha dereva wa basi linalofuata asikanyage breki hadi kituoni. Msikiti ukijaa siku ya Ijumaa hata watu wakatandika mikeka nje juani, hakuna muumini asemaye aingie mihrabuni kwa hoja kwamba pana nafasi.

Tazama pia linalotokea mwendesha bodaboda mmoja anapoingia. Dereva wa basi hulazimika kupunguza mwendo, waliosimama ndani huyumba na kushikana, taa ya kijani iliyokuwa ikimngoja humpita, basi la nyuma humfikia, na vituo vilivyo mbele hujaa watu ambao hawakumwona mwendesha bodaboda huyo wala hawatamjua. Yeye ameokoa dakika tatu. Waliozilipa ni mamia.

Nakiri, kwa ajili ya insafu, kwamba hoja hii ina nguvu tu pale mabasi yanapokuwapo. Barabara ya Kilwa ilikaa muda baada ya njia zake kukamilika kabla mabasi hayajaanza kazi, na katika muda huo watu waliuzoea utupu usio na maana yoyote. Na hata katika barabara ya Morogoro, ambako mwendokasi ulianza, zimekuwapo nyakati ambazo mabasi yalipungua, abiria wakarundikana vituoni tangu alfajiri, na njia ikawa tupu kwelikweli. Mamlaka inayowanyima watu njia bila kuwapa basi inawafundisha kuidharau sheria, na ni vigumu kulifuta somo hilo baadaye. Hata hivyo dereva aliye katika foleni hana njia ya kujua kama basi liko dakika moja nyuma yake au kumi, na zege haliwezi kumjulisha. Kwa hiyo hukumu yake lazima iwe ile ile siku zote.

Jambo lenyewe si la Dar es Salaam peke yake. Mji wa Curitiba, katika Brazil, ulianza kuyatengea mabasi njia mwaka 1974, Bogotá ya Colombia ikafuata kwa mfumo mkubwa zaidi mwaka 2000, na Dar es Salaam ikaanza kusafirisha abiria kwa mwendokasi mwezi Mei mwaka 2016, kabla Rais John Magufuli hajauzindua mradi huo rasmi mwezi Januari mwaka 2017. Awamu ya kwanza ni ya takriban kilomita 21, kutoka Kimara kwa barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, Kariakoo. Awamu ya pili ndiyo hii ya barabara ya Kilwa hadi Mbagala, inayotupokea sisi wa kusini. Atakayejifunza barabara moja kati ya hizo amejifunza na nyingine, kwani zimejengwa kwa kanuni moja.

Na kanuni ya kwanza ya kujifunza ni kuuliza, kila unapoiona njia, mwenyewe ni nani. Usingoje kibao. Kibao chaweza kuwa kimegongwa na lori, kimefunikwa na tangazo la mganga, au kimefichwa na mti. Njia ya mwendokasi hujulikana kwa kingo zake za zege, kwa kukaa kwake katikati, na kwa vituo vyake vilivyoinuliwa kutoka ardhini hata sakafu ya kituo ikalingana na sakafu ya basi. Ukiona kituo cha namna hiyo mbele yako na gari lako limekielekea, tambua kwamba umekwisha kupotea.

Mahali pa kupotea ni kwenye makutano, kwa maana hapo kingo hukatika ili magari yapite, na hapo ndipo wageni wengi huingia bila kukusudia. Dereva anatoka njia ya pembeni, anataka kukata kulia ili aishike barabara kuu. Anapita mbele ya magari ya upande wa kwanza, anaona mbele yake lami safi isiyo na mtu, anazungusha usukani mapema, na ghafula yumo baina ya kingo mbili. Dawa yake ni kuijua barabara kwa mafungu kabla ya kuondoa gari. Maadamu nchi yetu huendesha kushoto, fungu la kwanza mbele yako ni la magari yatokayo kulia; la pili ni njia ya basi litokalo kulia vilevile; la tatu ni njia ya basi litokalo kushoto; la nne ni magari yatokayo kushoto. Lako wewe ukataye kulia ni hilo la nne. Kulia mara mbili, kushoto mara mbili. Mwendesha pikipiki aliyezoea makutano ya Masasi, ambapo mtu hutazama kulia na kushoto mara moja akapita, ni bora aikariri hesabu hii akiwa bado kijijini kwake.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo itakayomwokoa mwenda kwa miguu, naye ndiye nimwoneaye huruma kuliko wote, kwa sababu hana bati la kumkinga. Ajali humjia hata mtu asiye mzembe, aliyedanganywa na foleni. Magari ya upande wake yamesimama. Anapita baina yake kwa utulivu, hata dereva mmoja anampungia mkono kumruhusu. Naye, moyo ukiwa umeridhika kwamba barabara nzima imesimama, anatia mguu katika njia ya basi, na basi halikusimama, kwa kuwa halimo katika foleni ile. Hatari haiko kwenye gari lililosimama mbele yako, iko kwenye lile linalotembea nyuma yake. Karibu na vituo hatari huongezeka, kwa sababu hapo njia ya mabasi hupanuliwa ili basi lisilosimama kituoni lilipite lile linaloshusha abiria. Basi lililosimama huwa pazia linalolificha jingine lijalo. Mwenye kuvuka asimame kwenye kila fungu, atazame upya, wala asiuamini mkono wa dereva aliyempungia, kwani dereva huyo ametoa ruhusa ya njia yake tu. Penye daraja la watembea kwa miguu, panda daraja, hata kama ngazi ni nyingi na mzigo ni mzito. Na kuingia kituoni ni kwa mlango wake. Wale vijana wanaoruka kutoka lami hadi juu ya sakafu ya kituo wanafanya mchezo usiofaa kutazamwa, sembuse kuigwa.

Sasa niwageukie vijana wa pikipiki, maana kila msimu wa korosho unapokwisha, mara baada ya minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU huku Masasi na TANECU kule Newala na Tandahimba, wapo wanaonunua pikipiki wakaipeleka Dar es Salaam kutafuta maisha, wakidhani kwamba aliyeweza kuteremka mteremko wa Newala akiwa na abiria na kuku hawezi kushindwa na lami ya Mbagala. Ufundi wa kuendesha hawakuukosa. Walichokosa ni ujuzi wa mahali. Leseni ya udereva ya daraja la pikipiki, leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, bima, kofia ngumu mbili, abiria mmoja: hayo wanayajua, au wanapaswa kuyajua, tangu nyumbani. Jipya ni kwamba jijini pana mipaka isiyoonekana kwa macho. Katikati ya jiji bodaboda na bajaji zimewahi kuzuiwa mara kadhaa, na amri za namna hiyo hubadilika. Kwa hiyo mgeni asitangulie kupokea abiria wa Posta au Kariakoo kabla hajaketi kijiweni akawauliza wenzake wa siku nyingi ni wapi pa kuingia, ni wapi pa kumshusha mtu, na ni wapi trafiki husimama. Wenzake watamwambia. Vijiwe vina uongozi wake na heshima zake, na kijana anayeanza kwa kuamkia wakubwa na kuuliza hupokewa kuliko anayeanza kwa kugombania abiria.

Watamfundisha pia, asipokuwa na hadhari, ufundi mbaya uitwao kutanua, yaani kutoka katika mstari wako ukapita pembeni ili uwatangulie waliopanga foleni. Na kilele cha kosa hilo ni kutanua kwa kuingia njia ya mwendokasi. Mwendesha bodaboda hufikiri kwamba pikipiki ni nyembamba, kwamba basi likija ataruka ukingo. Ukingo wa zege haurukwi na pikipiki yenye abiria nyuma. Akiisha kuwa baina ya kingo mbili, basi la mita 18 likimjia nyuma, hana upande wa kukimbilia mpaka makutano yajayo.

Mara nyingi ulimi unaomsukuma kuingia ni wa abiria. Mtu amechelewa kwenye usaili, au basi lake laondoka, hivyo humwambia dereva apite pale kati, naye dereva kwa kutaka kumridhisha hukubali. Niliwahi kusikia mazungumzo ya kinyume chake, mbele yetu foleni ikiwa haina dalili ya kutembea.

"Shikamoo, bibi. Foleni hii haiendi, nikupitishe hapo kati?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapo kati ni pa mwendokasi, nami sikutoka Newala kuja kulazwa Muhimbili. Wewe ngoja, hata mwanangu ananingoja."

Abiria wenye ulimi wa namna hiyo wangekuwa wengi, kazi ya trafiki ingepungua nusu.

Kuhusu teksi, pana fujo ya mawazo inayotokana na wenzetu waliokaa ng'ambo. Atokaye Dubai husema kwamba kule teksi hupita katika njia ya mabasi, naye hasemi uongo: Dubai imetenga njia za mabasi na teksi kwa pamoja, na mwenye gari lake binafsi akiingia humo hutozwa faini ya dirhamu 600. Atokaye London husema teksi nyeusi za mji ule hupita katika njia nyingi za mabasi, na baiskeli pia, naye yu sahihi. Lakini husahau kuongeza kwamba magari ya kukodi yanayoitwa kwa simu hayana haki hiyo ya kupita, ijapokuwa abiria wake naye amelipa nauli. Kila mji umegawa kwa namna yake, kwa sababu kila mji umekadiria nani anaweza kuongezwa katika njia bila ya kuiharibu. Dar es Salaam imeamua kwamba katikati ni pa mabasi ya mwendokasi peke yake. Teksi haimo, iwe ya kijiweni au ya kuitwa kwa simu, bajaji haimo, daladala haimo, na baiskeli haimo. Desturi ya Dubai haivuki bahari pamoja na sanduku la mtu.

Gari la wagonjwa na la zimamoto yakiwa kazini yana dharura yake inayoeleweka na kila mtu. Lakini kulifuata gari la wagonjwa kwa nyuma ili unufaike na king'ora chake ni tabia isiyo na jina zuri. Na ukiona gari la mkubwa limepita humo, usilichukue kuwa idhini yako. Huenda lina ruhusa, huenda halina, na ikiwa halina, dhuluma yake haikuhalalishii yako.

Baiskeli ndiyo niliyotaka kuizungumzia kwa marefu, kwa sababu sisi wa Masasi na Newala ni watu wa baiskeli kabla hatujawa watu wa pikipiki. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa taabu kwa vizazi, baiskeli imebeba madumu kutoka bondeni, imebeba wagonjwa, imebeba mihogo na maharusi. Katika barabara ya Morogoro, pembeni mwa njia za mwendokasi, imejengwa njia ya baiskeli pande zote mbili, jambo ambalo miji mingi ya Afrika bado inalitamani. Na lilikuwa moja ya mambo ya kupendeza katika mradi ambao mwaka 2018 uliiletea Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Walakini njia hiyo, atakayeipanda ataona, imekaliwa na kila mtu ila mwenyewe. Utakuta meza ya miwani, utakuta sufuria la mihogo ya kukaanga, utakuta bajaji sita zimepangwa kwa unadhifu, na mahali pengine gari la mtu mwenye heshima zake limeegeshwa papo hapo. Chama cha waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, kimelipigia kelele jambo hili kwa miaka. Ajabu yake ni kwamba mtu yule yule anayeweka meza yake juu ya njia ya baiskeli humkasirikia mwendesha bodaboda anayeingia njia ya basi. Kila mtu huiona dhuluma ya mwenzake.

Mwendesha baiskeli afanyeje akikuta njia yake imezibwa? Asichepuke kuingia katika magari kwa ghafula, kwani dereva aliye nyuma hana habari kwamba mbele yako pana meza ya miwani. Ashuke. Akokote baiskeli kwa mguu hadi pale njia inapofunguka, akiwaomba radhi waenda kwa miguu, kisha apande tena. Najua jambo hili linachosha, na kwa mwenye mzigo linachosha zaidi, lakini njia nyingine zote ni mbaya kuliko hiyo. Asiende kinyume, yaani akiwa upande wa kulia asielekee wanakotoka wenzake, hata kama nyumba aendayo i karibu. Usiku awe na taa mbele na kitu king'aacho nyuma. Na mzigo wake usizidi upana wa mikono yake kwenye usukani: gunia la korosho lililolazwa mkingamo, ambalo barabarani Masasi hupishwa na kila mtu kwa heshima, katika njia ya jijini litanasa kwenye nguzo au kwenye bega la mtu, na mwenye kuanguka ni yeye.

Ikiwa msomaji ataniuliza ni njia ipi ya upesi ya kujifunza haya yote, nitamwambia kwamba kabla hajaendesha chochote jijini, awe abiria. Apande basi la mwendokasi pale Kimara, nje ya saa za msongamano, aende mpaka Kivukoni, naye ajitahidi kupata nafasi karibu na dereva. Kwanza ataona kwamba milango hufunguka upande wa kulia, kuelekea kituo kilicho katikati, ndipo aelewe kwa nini hakuna mtu anayeshushwa popote ila kituoni. Kisha akae atazame kwa macho ya dereva: watu wanaotokea ghafula baina ya magari, pikipiki inayochungulia kwenye makutano, mtoto aliyesimama juu ya ukingo akingoja. Kufika Magomeni atakuwa amekunja vidole vya miguu mara nyingi kwa kukanyaga breki isiyokuwapo, na hapo somo limeingia mwilini. Hakuna darasa la udereva ninalolijua linaloweza kutoa elimu hiyo kwa bei ya nauli.

Lakini elimu yenyewe yapaswa kuanza nyumbani, na vifaa tunavyo. Barabara zetu kuu za lami zina mistari. Mstari mweupe wa katikati usiokatika wamkataza dereva kulipita gari jingine hapo. Uliokatika wampa ruhusa ikiwa mbele ni kweupe. Na ule wa pembeni unamtenga mwenye gari na mwenye miguu. Huo wa pembeni ndio mwalimu wa kwanza wa njia za mji, kwa sababu nao unasema vilevile kwamba nafasi hii, hata ikionekana tupu, ina mwenyewe. Watoto wa shule wanaotembea kando ya barabara ya Ndanda wanaweza kufundishwa hilo kwa kidole. Wazazi nao waache kuanika makopa ya muhogo juu ya nafasi hiyo, maana makopa yakilazwa pale mtoto husogea katikati ya barabara. Na wenye maduka mjini Masasi wanaoegesha pikipiki za wateja pembeni mwa lami wafahamu kwamba wanafanya jambo lile lile la meza ya miwani ya Dar es Salaam.

Limebaki moja. Pamoja na tahadhari zote, siku moja mtu aweza kujikuta ndani ya njia ya mwendokasi bila kukusudia, hasa usiku au mvua ikinyesha. Asisimame hapo akashangaa, wala asirudi nyuma, kwani basi lililo nyuma yake linatazamia njia iliyo wazi. Awashe taa za tahadhari, aendelee mbele kwa mwendo wa wastani hadi makutano ya kwanza, atoke hapo kwa kufuata taa, na akisimamishwa na trafiki azime chombo, amsalimu, atoe leseni, aeleze kwa maneno machache jinsi alivyoingia. Huenda akaonywa, huenda akaandikiwa faini. Akiandikiwa, adai namba ya malipo ya Serikali na alipie kwa hiyo namba, benki au kwa simu, asimpe mtu yeyote fedha mkononi, kisha karatasi yake aitunze pamoja na leseni mpaka atakapokuwa amevuka Rufiji kurudi kwao.